Nguruwe weusi wa Haiti: nani alipe deni la mifugo iliyouawa?



Kuna swali moja ambalo limewasumbua wafalme, mapapa na wakulima kwa muda wa miaka 300 na zaidi. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika mifugo, na serikali ikaamuru wanyama wauawe, hata wale wanaoonekana wazima, ili nchi nzima ipone, hasara ile ni ya nani? Ni ya mwenye mnyama peke yake, au ni ya wote waliookoka kwa sababu mnyama wake alikufa?

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya waganga wa mifugo na ya wakubwa wa serikali, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika parokia zetu za Kongo, nguruwe, mbuzi na kuku ndio benki ya maskini. Tauni ya nguruwe nayo si habari ya mbali. Vijiji vingi vimeiona ikimaliza mazizi katika juma moja au mawili. Tena swali la malipo ni swali la haki, na haki ni sehemu ya dini yetu. Kwa hiyo leo tutawaelezeni habari za nchi ya Haiti, ambako katika miaka ya 1982 na 1983 nguruwe wote waliuawa, hata wa mwisho. Lakini kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo tuone desturi ya kulipa fidia ilianzaje.

ROMA NA LONDON

Mwaka 1711 tauni ya ng'ombe, ile ambayo wafugaji wa Afrika ya Mashariki huiita sotoka, iliingia Italia. Ilikuwa ugonjwa wa kutisha: homa kali, machozi, vidonda vya mdomo, kuhara, halafu mauti. Katika kundi ambalo halijapata kuuona, wengi sana walikufa kwa siku chache. Mwaka 1713 ukafika mashamba ya kuzunguka Roma.

Baba Mtakatifu Klementi XI alikuwa na mganga wake, jina lake Giovanni Maria Lancisi, mtu mwenye elimu kubwa. Lancisi hakutaka kuwadanganya watu kwa dawa zisizoponya. Shauri lake lilikuwa gumu: ng'ombe wagonjwa na wale wanaoshukiwa wauawe mara moja, wazikwe katika mashimo marefu pamoja na chokaa, mazizi yasafishwe, mnyama asipite kutoka shamba moja kwenda jingine. Wengi walipinga, maana walipenda kujaribu dawa kwanza, na huku wanajaribu, maelfu ya ng'ombe yalikufa. Mwishowe shauri la Lancisi lilifuatwa, na tauni ikakoma. Lakini nguvu ya amri zile ilikuwa adhabu. Aliyevunja amri aliweza kuhukumiwa kufa, na hata mtu wa Eklezia aliweza kupelekwa kuvuta makasia katika merikebu za wafungwa.

Mwaka 1714 tauni ileile ilivuka bahari, ikaingia katika mazizi ya ng'ombe wa maziwa huko Islington, karibu na London. Serikali ikamwita Thomas Bates, mpasuaji wa nyumba ya mfalme. Naye alishauri kuua, lakini aliongeza jambo moja: mwenye ng'ombe alipwe. Kwa kila ng'ombe aliyechomwa moto mwenyewe alipewa shilingi 40, na fedha zile zilitoka katika mfuko wa Mfalme George I. Shilingi 40 hazikufika bei kamili ya ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo zilitosha kumfanya mtu aje mwenyewe kusema kwamba zizini mwake mna ugonjwa. Ng'ombe zaidi ya 5,000 walipotea, lakini kabla ya mwaka kwisha tauni ilikuwa imetoweka, na Uingereza ikakaa karibu miaka 30 bila kuiona tena.

Tazameni basi njia hizo mbili. Roma walitumia hofu, London walitumia fedha, na wote wawili walishinda. Lakini hofu yataka askari mlangoni pa kila zizi. Malipo ya haki humfanya mwenye mnyama awe askari wa zizi lake mwenyewe.

KIPIMO CHA MALIPO

Waingereza walihitaji kujifunza somo hilo tena. Mwezi wa Juni 1865 tauni ya ng'ombe ilirudi London kwa njia ya wanyama walioletwa na meli, na kwa miezi mingi wakubwa walibishana huku ng'ombe wakifa. Ndipo mwezi wa Februari 1866 bunge lilitoa sheria. Kila ng'ombe mgonjwa auawe, na mwenyewe alipwe mpaka nusu ya thamani yake, isipite pauni 20. Lakini kwa ng'ombe mzima aliyeuawa kwa sababu tu alikaa pamoja na mgonjwa, malipo yaliweza kufika robo tatu ya thamani, isipite pauni 25. Mwaka 1867 tauni ikakwisha.

Kwa nini aliyekuwa mzima alipiwe zaidi? Sababu ya kwanza ni wazi. Ng'ombe mgonjwa alikuwa karibu kufa kwa vyovyote. Aliyemnyima mwenyewe mali ile ni ugonjwa. Lakini ng'ombe mzima labda angeishi. Aliyemwua ni serikali, kwa faida ya majirani. Sababu ya pili yaonyesha hekima ya kuujua moyo wa mtu. Kama mgonjwa angelipiwa bei kubwa kuliko ya soko, mtu mbaya angeweza kuleta ugonjwa zizini mwake kwa makusudi, ili aiuzie serikali mizoga. Basi kipimo ni chembamba. Malipo yakiwa kidogo mno, watu huficha ugonjwa. Yakiwa mengi mno, watu huutafuta.

Yashikeni maneno hayo mawili, wapenzi wasomaji: kuua ni lazima mara nyingine, na anayeuawa mnyama wake kwa faida ya wote hadai sadaka, adai haki yake. Sasa twende Haiti.

UGONJWA ULIOTOKA AFRIKA

Tauni ya nguruwe ya Afrika ni ugonjwa mwingine kabisa, si ile ya ng'ombe. Asili yake ni bara letu. Mganga wa mifugo aitwaye Montgomery aliandika habari zake huko Kenya mwaka 1921. Ngiri wa porini hukaa na vijidudu vyake bila kuugua, na aina fulani ya kupe huvihamisha. Lakini nguruwe wa nyumbani akivipata, huchomwa na homa, ngozi hubadilika kuwa nyekundu au ya zambarau, na mara nyingi hufa. Mtu haupati ugonjwa huo. Lakini hakuna dawa ya kumponya nguruwe, na vijidudu vyaweza kukaa muda mrefu katika nyama, hata nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa.

Kwa njia hiyo ugonjwa ulisafiri. Mwaka 1957 ulitokea Lisbon, nchi ya Ureno, ambayo wakati ule ilitawala Angola, jirani yetu. Nguruwe wa huko walikuwa wamelishwa mabaki ya chakula cha wasafiri. Mwaka 1960 ulirudi Ureno, ukaingia Hispania, ukakaa huko miaka mingi. Mwaka 1971 ulifika Cuba, na karibu nguruwe nusu milioni walipotea. Mwaka 1978 ulionekana katika Jamhuri ya Dominika. Basi nchi hiyo na Haiti zimo katika kisiwa kimoja, na mpaka wao ni mito na vilima ambavyo nguruwe na wachuuzi huvuka. Haukupita muda mrefu, Haiti nayo ikaupata.

BENKI YA MKULIMA

Wahaiti si wageni kwetu. Wengi wa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande za ufalme wa Kongo, na baada ya uhuru wa 1960 walimu Wahaiti walikuja kufundisha katika shule zetu. Tena ni nchi yenye Wakatoliki wengi.

Huko mashambani kulikuwa na nguruwe mdogo mweusi, mzao wa wale walioletwa na Wahispania tangu safari ya pili ya Christopher Columbus, mwaka 1493. Kwa karne nyingi nguruwe huyo alizoea jua, njaa na milima ya Haiti. Hakuhitaji nyumba. Alikula maembe yaliyooza, mabaki ya miwa, mizizi na takataka za jikoni, akachimbua udongo kwa pua yake na kuusafisha uwanja. Mkulima hakumnunulia chakula hata kidogo. Lakini mwezi wa Oktoba, shule zikifunguliwa, nguruwe mmoja aliuzwa, na watoto wakapata ada, vitabu na viatu. Mtu akifa, nguruwe alilipa mazishi. Binti akiolewa, nguruwe alilipa karamu. Mvua ikikosa, nguruwe alinunua mahindi. Sisi wa Kongo twaelewa mambo hayo bila kufundishwa, maana ndivyo baba wengi wa kwetu wanavyolipa minervali ya watoto.

AMRI YA KUUA

Ugonjwa ulipoingia, nguruwe wengi walikufa. Lakini baadaye vifo vilipungua, na wakulima waliona wengine wanapona. Wataalamu walisema: anayepona aweza bado kubeba ugonjwa, na kisiwa kikibaki na ugonjwa, nchi zote za jirani zimo hatarini. Maneno hayo hayakuwa ya uwongo. Marekani, Kanada na Mexico waliogopa sana kwa ajili ya mazizi yao, ambamo mna nguruwe wengi mno. Wakatoa fedha, na pamoja na serikali ya Haiti wakapanga kazi ya kuua nguruwe wote wa nchi. Kuanzia Mei 1982 mpaka Juni 1983 watu wa kazi hiyo walipita kijiji kwa kijiji. Waliua karibu nguruwe 380,000.

Malipo yaliwekwa kwa ngazi tatu: dola 40 kwa nguruwe mkubwa, dola 20 kwa wa kadiri, dola 5 kwa mdogo. Ukisoma karatasi, wasema: vema, Haiti walifuata njia ya London. Tena ugonjwa uliondoka kweli. Mwaka 1984 nchi ilikuwa safi. Basi kwa nini wakulima wa Haiti walihuzunika hivyo, na mpaka leo wazee wanasimulia jambo lile kama msiba? Tutataja sababu nne.

Kwanza, bei. Dola 40 ni bei ya nyama. Lakini jike la nguruwe si nyama tu. Huzaa watoto wengi kila mwaka, na wale watoto ndio shule ya mwaka huu, mazishi ya mwaka ujao na mbegu ya mwaka wa tatu. Mtu akikuvunjia benki, akakulipa thamani ya mbao za mlango, je, amekulipa?

Pili, mikono ya njiani. Haiti ilikuwa chini ya utawala wa Jean-Claude Duvalier, utawala wa kutisha, wenye wanamgambo walioogopwa katika kila kijiji. Wakulima wengi walilalamika kwamba hawakupata malipo, au walipata pungufu. Mkulima asiyejua kusoma angekwenda kumshitaki nani, na kwa hakimu gani? Wengi hawakungoja. Waliuza nguruwe wao haraka kwa bei yo yote, au waliwachinja na kuwala, wakisema afadhali mkononi kuliko katika ahadi.

Tatu, mnyama wa badala. Baada ya kuua, wageni walileta nguruwe wengine kutoka Marekani, hasa jimbo la Iowa. Walikuwa wakubwa na wa kupendeza. Lakini walitaka zizi lenye sakafu na paa, maji safi, na chakula cha kununua. Wengine katika wakulima hawakuwa na sakafu wala maji safi kwa ajili ya watoto wao wenyewe. Ndipo Wahaiti wakawacheka wakiwaita wana wa mfalme wenye miguu minne. Aliyefaidi ni tajiri aliyeweza kuwalisha. Maskini alibaki mikono mitupu.

Nne, wenyewe hawakuulizwa. Waliopanga kazi walijua sana habari za vijidudu, lakini habari za mkulima walizijua kidogo. Hawakukaa naye chini ya mti wamwulize: huyu mnyama kwako ni nini? Kama wangemwuliza, angewaambia yote tuliyoyasema hapa juu.

MATUNDA YAKE

Nguruwe walipokwisha, familia nyingi zilikosa ada ya shule. Wengine walikata miti wachome makaa ya kuuza, na milima iliyokuwa imekwisha kuwa uchi ikazidi kuwa uchi. Wengine walihamia mjini. Mwezi wa Machi 1983, kazi ya kuua ikiwa bado inaendelea, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifika Port-au-Prince, akasema waziwazi kwamba mambo ya nchi ile sharti yabadilike. Hakuwa akisema habari za nguruwe tu; alisema habari za njaa, hofu na udhalimu. Lakini mkulima aliyekuwa amesimama pale juani alijua mzigo wake mwenyewe. Tarehe 7 Februari 1986 Duvalier alikimbia nchi. Nguruwe weusi walikuwa mojawapo ya hasira nyingi za mashambani.

Baadaye, kwa msaada wa Ufaransa, waliletwa nguruwe wa mchanganyiko, wenye damu ya nguruwe wa Guadeloupe, wa China na wa Gascogne, wanaovumilia maisha ya kijijini kama wale wa zamani. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja wakati watoto wengi walikuwa wamekwisha kuacha shule. Na malipo yanayochelewa ni nusu ya malipo.

Tena mwaka 2021 ugonjwa ulirudi katika kisiwa kile: mwezi wa Julai katika Jamhuri ya Dominika, na mwezi wa Septemba Haiti. Fikirini moyo wa mzee aliyeona yale ya 1982. Ataleta habari upesi kwa waganga wa mifugo, au atafunga mdomo? Hapo ndipo twaona kwamba deni lisilolipwa haliozi. Ugonjwa wa kesho hulikuta pale pale, nalo humsaidia ugonjwa.

HAKI YATAKA NINI

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yataja mtu aliyechimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwingine akatumbukia akafa. Mwenye shimo sharti alipe. Mtu yule hakutaka ng'ombe afe, hata hivyo alipe. Kama ndivyo kwa aliyesahau tu, je, si zaidi kwa serikali iliyoua kwa kupenda, hata ikiwa na sababu njema? Nabii Natani naye alimsimulia Mfalme Daudi habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, ambaye tajiri alimchukua ili apate kumkirimu mgeni wake. Daudi alikasirika, akasema alipe mara nne. Hata mfalme mwenye dhambi alijua kwamba mnyama mmoja wa maskini ni mzito kuliko kundi la tajiri.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba malipo ya haki yana alama tano. Yajulikane kabla ya kisu kufika. Yalipwe mara moja, mbele ya mashahidi, mkononi mwa mwenyewe. Yapime kazi yote ya mnyama katika nyumba ile, wala si nyama tu. Yafuatwe na mnyama wa badala ambaye mkulima anaweza kumtunza. Na mambo yote yazungumzwe kwanza na wale watakaopata hasara.

Lakini tusisahau upande wa pili. Mkristu naye ana deni kwa jirani. Akiona nguruwe wake anaugua, asimpeleke sokoni usiku ili apate chochote. Nyama ile yaweza kufunga mazizi ya vijiji kumi. Asitupe mzoga mtoni. Asiwalishe nguruwe mabaki ya nyama yasiyochemshwa vizuri. Awaite waganga wa mifugo, na wazee wa kijiji wafunge njia za kuhamisha wanyama. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Anayemhurumia nguruwe mmoja mgonjwa atalia kwa ajili ya kundi zima. Na pale ambapo fidia ya serikali haifiki, jumuiya za Kikristu zaweza kuanza jambo dogo: kila mwenye nguruwe atoe kidogo kila mwezi, ili yule atakayepata msiba kwanza apewe jike moja ugonjwa ukiisha. Hilo halimwondolei serikali deni lake, lakini humwokoa mtoto wa jirani asifukuzwe shuleni.

Lancisi alijua kuzima ugonjwa. Bates alijua kuuzima na kumlipa aliyepata hasara. Haiti waliuzima, lakini hawakumlipa mkulima kama ilivyopasa, na jeraha lile limekaa zaidi ya miaka 40. Wakubwa wakija siku moja kwetu na amri ya kuua, wasikute watu wanaoficha, wala sisi tusikute wakubwa wanaosahau. Dawa ya deni ni kulipa.